Isale Mlangoni mwa Stoo

Mume wangu alikuwa mpulizaji dawa katika shamba kubwa la kahawa chini ya kijiji chetu. Miaka hiyo mashamba yalikuwa yakirudi mikononi mwa watu binafsi, na meneja mpya, Mchagga wa huku huku mlimani kwetu, alileta dawa kali ya wadudu. Glovu, mabuti na barakoa vililetwa pia. Niliviona siku wanunuzi wa kahawa walipotembelea: wanaume walivishwa, wakasifiwa, jioni vikarudi stoo na kufuli likapigwa. Siku nyingine zote walibeba bomba la dawa mgongoni mikono mitupu, na kazi ikiisha kila mmoja alipewa kikombe cha maziwa, eti yanaosha kifua. Nasi tuliamini, wajinga wakubwa. Mimi nilimwongezea kingine nyumbani.

Asubuhi moja bomba lilimvujia. Walimbeba wenzake, mate yakimtoka, akihema kwa shida. Nilikimbilia ofisini kuuliza jina la dawa. Nikaambiwa meneja anakula, nisubiri. Sikusubiri. Niliokota kopo tupu jalalani, tukaenda nalo hospitali.

Daktari alisoma kopo, akamchoma sindano, kisha akanigeukia. "Mama, maziwa hayazuii sumu. Imeandikwa hapa avae nini, na mwajiri wake anajua kusoma."

Alipona nusu, kazini hakurudi. Siku moja kabla upuliziaji haujaanza tena, meneja alikuja kwetu na tawi la isale mkononi. Mchagga akikuletea isale kuomba msamaha, humkatalii. Mimi nilitaka kumpiga nalo usoni. Mama mkwe, tuliyeishi naye, alinitazama mara moja, nikarudi nyuma.

"Shikamoo, mama. Nimekosa," meneja alimwambia.

"Marahaba." Mama mkwe alilipokea isale kwa mikono miwili. "Uliyomtendea mwanangu nimekusamehe. Kesho wenzake wanaingia na nini?"

"Vifaa ni vichache, mama. Tutaangalia."

Meneja akaondoka ametulia kabisa. Jioni ile nilimchukia mama mkwe kuliko meneja.

Kulipokucha mama mkwe alinitangulia shambani, akalichomeka isale lile ardhini mbele ya mlango wa stoo. Kwetu isale ndilo pia mpaka wa vihamba, mashamba yetu ya ukoo, na hakuna mwenye akili anayeling'oa la mwenzake. Wapulizaji walifika, wakaliona, wakasimama. Mabomba yalikuwa ndani, na hakuna aliyesogea.

Meneja alikuja akifoka kuwa atawafukuza wote. Alipofika mlangoni akalitambua isale lake, akarudi hatua moja nyuma.

"Ling'oe," mama mkwe alimwambia. "Lakini na msamaha wako utakuwa umeung'oa."

Tulisimama hivyo mpaka jua likawa kali. Niliogopa, maana wale wanaume wote walikuwa na watoto wa kulisha. Mwishowe meneja akatoa ufunguo mfukoni, akampa mama mkwe bila kumtazama.

Mama mkwe aliling'oa isale mwenyewe, akafungua, akaanza kugawa. Kila aliyekuwa pale alipata glovu, mabuti na barakoa. Chini kabisa ndani ya sanduku la vifaa ikabaki seti moja, nzima, haina mwenyewe. Ilikuwa ya mume wangu.