Shahidi wa Ukuta wa Mama Kavira

Nakumbuka asubuhi ile kwa kidole, mwanangu, si kwa kichwa. Kidole hiki cha mkono wa kuume ndicho kilichofanya kosa, na mpaka leo nikikiona kimeshika kikombe cha chai naona haya. Keti, sogeza kile kiti. Nimesikia umeanza kazi ya kuchimba chini ya nyumba za watu, na watu wanasema una mkono mwepesi. Ni vizuri. Mimi pia nilikuwa nao.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kwisha, nchi bado inaitwa Zaire, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, fundi wa mabomba hapa Bunia. Si mabomba ya maji safi, hapana. Hayo yalikuwa na mafundi wao wenye suruali zilizopigwa pasi. Siye tulikuwa watu wa maji machafu: bomba linalotoka chooni, linapita chini ya nyumba, linakwenda kumwaga kwenye fosi, lile shimo lililofunikwa kule nyuma. Njiani watu walitupisha kwa kuziba pua. Choo kikiwagomea, walitukimbilia mbio kuliko walivyomkimbilia daktari.

Udongo wa hapa Bunia unaujua. Mvua ikinyesha unavimba kama unga wa mandazi, kiangazi unapasuka mpaka unapitisha mkono. Nyumba iliyokaa juu yake haitulii. Na mabomba ya zamani yalikuwa ya udongo wa kuchoma, vipande vifupi vimeunganishwa kwa simenti. Ardhi ikisogea, kiungo kinavunjika. Maji machafu yanatokea pale, yanalowesha chini ya msingi, na ukuta unabaki umekaa juu ya matope. Mwenye nyumba hajui kitu, anasikia harufu tu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Muzee Tabo. Mfupi, sauti ya chini, na hakuna siku niliyomwona akikimbia, hata mvua ikimkuta barabarani. Kwake chini ya ukuta ulichimba urefu wa hatua moja tu kwa mara. Ukishaweka nguzo za mkaratusi, ukabadilisha bomba, ukarudisha udongo na kuushindilia, ndipo ulifungua hatua ya pili. Na kabla ya jembe la kwanza, alipaka mashahidi.

Nikueleze, maana siku hizi naona mnaruka jambo hili. Alichukua platre, ule unga mweupe ambao hospitalini wanafungia mguu uliovunjika. Aliukoroga na maji, akabandika kipande chembamba juu ya kila ufa wa ukuta, upande mmoja mpaka wa pili. Platre haijui kuvutika. Ukuta ukisogea unene wa unywele, yenyewe inapasuka. Ndiyo maana tuliiita shahidi. Kila asubuhi mmoja wetu alizunguka nyumba kuwasalimu mashahidi, kisha Muzee alimuuliza swali lile lile, "Mashahidi wameamkaje?" Wakiwa wazima, tunashuka. Mmoja akipasuka, hakuna kushuka. Tunaongeza nguzo, tunapaka shahidi mpya, tunangoja siku tatu tuone atasema nini.

Siku tatu za kukaa na kutazama ukuta. Mimi nilikuwa naona ni uzee tu unamsumbua.

Basi tukaitwa mtaa wa Lumumba, kwa Mama Kavira, mwanamke wa Butembo aliyehamia huku na biashara yake ya vitenge. Alikuwa mjane, nyumba ile ameinunua kwa jasho lake, na binti yake alikuwa anaposwa. Wakwe walikuwa wanakuja kutoka Iga Barrière Jumamosi. Nyumba ilikuwa inanuka mpaka barazani. Kila siku alikuja kusimama juu ya shimo letu, mikono kiunoni.

"Weye Kambale," aliniambia, "wageni yangu iko nakuja samedi. Nitawapa chakula namna gani mu hii harufu?"

"Itaisha, mama."

"Muko mbiyo kweli? Mbona yule muzee anafanya kama iko nazika mutu?"

Nilicheka. Sikupaswa kucheka, lakini nilicheka, maana nilikuwa na haraka yangu ya siri. Mtu mmoja wa mtaa wa Nyakasanza alikuwa ameniita mimi peke yangu, bila Muzee, nianze kwake Jumatatu. Kazi ya kwanza ya jina langu. Sikumwambia Muzee. Nilikuwa nimehesabu siku zote: Alhamisi kipande cha mwisho cha bomba, Ijumaa kushindilia, Jumamosi wakwe, Jumatatu Nyakasanza. Ndani ya hesabu hiyo siku tatu za kungoja hazikuwa na mahali.

Alhamisi zamu ya kusalimu mashahidi ilikuwa yangu. Wa kwanza mzima, wa pili mzima. Wa tatu, yule wa ukuta wa nyuma karibu na bafu, alikuwa na mstari kutoka juu mpaka chini, mwembamba hata ukucha haukuingia. Nikausogelea mpaka pua ikagusa ukuta. Nikajiambia: huu si ufa, ni platre imekauka vibaya. Mwanangu, moyo ukitaka kitu unajua kutafuta sababu.

Nilichota platre kidogo, nikaiweka kiganjani, nikatemea mate, nikaikoroga. Halafu kwa kidole hiki nikaupaka ule mstari mpaka ukapotea. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni kweli kabisa. Lakini kuna kuziba na kuna kuficha. Mimi nilificha.

"Mashahidi wameamkaje?" Muzee akauliza. Alikuwa anafunga kamba ya suruali.

"Wameamka wazima, Muzee."

"Haya. Nashuka miye. Ile kiungo ya chini ya msingi inaomba mukono ya zamani."

Sikutegemea hilo. Nilidhani nitashuka mwenyewe, na katika upumbavu wangu nilikuwa nimeshajisamehe kwa sababu hiyo. Nikafungua mdomo niseme, nikaufunga. Akalala kifudifudi, akaingia chini ya ukuta, kichwa, mabega, kifua, mpaka nikabaki naona kiuno na miguu yake tu. Mimi nilikaa kwenye mdomo wa shimo kupokea ndoo za udongo. Kutoka pale nilipokaa, nilikuwa namwona shahidi wa tatu vizuri.

Ndoo ya kwanza ikatoka, nikaimwaga. Ya pili. Jua lilikuwa limepanda, na sehemu niliyoipaka ilikuwa nyeupe kuliko zingine, ikaniuma macho. Ndoo ya tatu ikatoka. Nilipoinua kichwa, mstari ulikuwa umerudi.

Nikajiambia ni kivuli. Nikatazama tena. Ulikuwa umefunguka kuliko asubuhi, sasa msumari ungeingia. Kumbe tulipoziba maji machafu yasiendelee kumwagika, udongo wa chini ulianza kukauka na kusinyaa, na ukuta ulikuwa unaufuata. Muzee alikuwa chini yake, anaimba kidogo kidogo puani kama kawaida yake akipenda kazi.

Mama Kavira akatokea mlangoni. "Itaisha leo?"

"Itaisha, mama," nikasema. Huo ulikuwa uongo wa pili, na nakwambia ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza. Jasho lilikuwa linanitoka mgongoni nami nimekaa tu. Niliogopa kumwua Muzee, na niliogopa Muzee ajue mimi ni mtu wa namna gani, na sitakudanganya leo: kwa muda fulani woga wa pili ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo.

Kisha nguzo moja ya mkaratusi ikalia. Kwii. Punje za udongo zikaanguka juu ya kiuno chake.

"Muzee, toka."

Akaacha kuimba. "Nini?"

"Shahidi wa tatu. Alipasuka asubuhi. Nilimpaka."

Nilisikia anavuta pumzi, mara moja, mara mbili. Nilitupa ndoo nikaruka nimshike miguu.

"Usinivute," akasema, sauti ile ile ya chini. "Ukinivuta, bega itagonga nguzo. Leta kriki. Weka chini ya ile mbao kubwa. Zungusha polepole."

Kriki ni ile jeki ya lori, tulikuwa nayo siku zote, na ile mbao ndiyo iliyolala juu ya nguzo kubeba ukuta. Mpini ukaniponyoka, nikauokota. Mama Kavira alikuwa ametazama uso wangu akaelewa. Hakupiga kelele. Aliingia ndani, akamtoa binti yake kwa kumshika mkono, akarudi akapiga magoti kando yangu na kitenge chake kizuri, akashikilia ile mbao isiteleze nami nikazungusha. Muzee alikuwa anarudi nyuma kiganja kwa kiganja. Kifua kikatoka. Mabega. Kichwa, nywele zimejaa udongo. Bado mkono wa kuume ulikuwa ndani wakati nguzo ilipoteleza, na matofali ya msingi yakashuka juu yake.

Kriki ilizuia ukuta uliobaki. Tuliyanyanyua matofali yale mimi na yule mama, na Muzee alifumba macho tu. Kona ya nyuma ya nyumba ilizama kiganja kizima na bafu likapasuka. Hakuna aliyekufa. Wakwe wa Iga Barrière walipokelewa nyumba ya jirani, na Mama Kavira aliwaambia ukweli kwamba nyumba yake inaumwa. Walikula, wakachukua jibu la posa walilolifuata, wakaenda.

Ijumaa ile, kabla wakwe hawajafika, nilikwenda hospitali kumwona Muzee nikijua nakwenda kufukuzwa. Nilimkuta amekaa kitandani, mkono umefungwa platre, nyeupe ile ile. Nikashindwa kuitazama. Nilianza kuomba msamaha, akainua mkono mzima kuninyamazisha.

"Ukuta haikunidanganya," akasema. "Ukuta ilisema asubuhi. Ni weye ulisema wazima, na miye niliweka kichwa yangu chini ya neno yako."

Nililia, mwanangu, mwanaume mzima na ndevu zangu. Alingoja nimalize.

"Sikufukuzi. Lakini tangu leo, ule anasalimu mashahidi, ndiye anashuka." Kisha akasema, "Na ile mutu wa Nyakasanza alikuja kuniuliza, siku nyingi ilishapita. Anataka kujua kama uko tayari. Nilimwambia, ndiyo, Kambale iko tayari, mupe kazi."

Kumbe alijua tangu mwanzo. Kazi ile niliyoificha, yeye ndiye aliyenipa.

Jumatatu nilikwenda Nyakasanza, lakini kumwambia mwenye nyumba atafute fundi mwingine, mimi bado. Nikarudi kwa Mama Kavira. Tulifungua msingi wake hatua moja moja. Tukalaza bomba jipya juu ya mchanga wa mto, na viungo tukaviachia nafasi ya kucheza, ardhi ikisogea navyo visogee. Kila asubuhi nilisalimu mashahidi, nikajibu swali la Muzee aliyekaa juu na mkono wake wa platre, nikashuka mwenyewe chini ya jibu langu. Hapo ndipo nilipojua kuutazama ufa. Mara mbili nilisema, "Muzee, mmoja amepasuka," tukangoja siku tatu, na Mama Kavira alituletea chai bila kuuliza itaisha lini.

Vidole viwili vya Muzee Tabo havikukunjika tena. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja alishika kikombe kwa mikono miwili, na hakuna siku alinikumbusha. Sikuhitaji kukumbushwa.

Sasa nisikilize. Utakosea, kila fundi hukosea. Utapasua bomba la mtu, utapima vibaya, utachelewa na mama mwenye nyumba atakutukana mbele ya majirani. Hayo yote yanatengenezwa. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na katika kazi yetu kifo hicho mara nyingi ni cha mwingine, yule aliyeingia chini kwa kukuamini. Ukiona ufa, sema siku ile ile, saa ile ile, hata kama sauti inakutetemeka. Mwenye nyumba akikuharakisha, mwambie ukweli umkasirishe. Na usimpe mtu jibu ambalo wewe mwenyewe hungeweza kulala chini yake.

Fungua kiganja. Kipande hiki cha platre ndiye yule shahidi wa tatu, Muzee alikibandua kabla hatujajenga upya, akanipa siku alipoacha kazi. Geuza kwenye mwanga. Unaona ile michirizi midogo? Ni kidole changu. Kibebe wewe sasa, mimi nimekibeba vya kutosha.

Mungu akupe macho ya kuona ufa ungali mwembamba, na ulimi wa kuutaja mapema. Akuwekee watu wema juu ya shimo, nawe uwe mwema juu ya shimo la wenzako. Kila utakaposhuka, upande tena, na ukipanda ukute chai yako bado ni ya moto.