Miguu ya Mama Ukutani

Mdogo wangu hajui kuchora sura ya mtu. Nasema mimi, dada yake wa tumbo moja, kwa hiyo msinitolee macho. Maisha yake yote amechora mabango ya vinyozi, na kila kichwa anachochora kinafanana naye, makengeza na yote. Wateja wanacheka, lakini hawamkimbii, maana herufi zake zimenyooka na rangi yake haibanduki. Wanamwita Brashi. Jina lake la ubatizo nadhani tumebaki nalo mimi na Mungu tu.

Basi mchungaji alipomwomba amchore Bwana Yesu na wanafunzi wake kwenye ukuta wa mbele, ndani ya kanisa, nilishika kichwa. Wanafunzi wote wale, wote wana makengeza! Kumbe mwenzangu alikuwa ameshawaza. Angemchora Yesu ameinama akiwaosha miguu, mgongo umetuelekea, uso hauonekani, na wale wengine wangeonekana kuanzia magotini kushuka chini. Miguu anaiweza. Amewachorea mafundi viatu mabango mpaka basi, kidole gumba kitamshinda vipi?

Kanisa letu wakati huo lilikuwa limepasuka katikati. Wa Juu, waliozaliwa mtaa huu, walikaa kulia. Wa Bondeni, waliohamia baadaye na lugha yao, walikaa kushoto. Ugomvi ulianza na nyimbo, ziimbwe kwa lugha ipi, ukakua mpaka watu wakanyimana salamu. Jambo hilo lilimkosesha Brashi raha. Yeye si mtu wa sala ndefu, imani yake iko mkononi. Akapita nyumba kwa nyumba, Juu na Bondeni, akiwaomba watu wavue viatu aitazame miguu yao. Halafu akaichanganya yote chini ya benchi moja. Aliniambia kwamba akimaliza hakuna atakayejua nani ni wa wapi, na watu wataona wenyewe kuwa mbele ya Bwana wote ni wamoja.

Na kwenye beseni lenyewe, mikononi mwa Yesu, aliweka miguu ya marehemu mama yetu. Mama alizaliwa kwa watu wa Bondeni, akaolewa na mtu wa Juu. Picha yake tuliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, nayo mvua iliyovuja iliila yote. Siku Brashi aliponipeleka kuona, nilipokutana na kile kidole chake kidogo kilichopinda na ule mfupa uliotokeza, nilikaa sakafuni palepale nikalia. Sioni haya kusema. Nilikuwa nimempata mama yangu.

Sasa sikilizeni alichosahau mdogo wangu. Kanisani kwetu viatu vinaachwa mlangoni, kwa sababu akina mama hawataki sakafu yao nyekundu ichubuliwe. Na tunasali tumepiga magoti, vichwa chini. Mtu aliyeinamisha kichwa anaona nini, kama si nyayo za aliye mbele yake? Kabla ya ugomvi tulikaa tumechanganyika, mwaka nenda mwaka rudi. Sisi tunajuana kwa nyufa za visigino kuliko kwa sura.

Jumapili ile kitambaa kilichofunika picha kiliposhushwa, minong'ono ikaanza. Ule ni mguu wa fundi bomba. Ule ni wa mke wa mzee wa kanisa. Mbona fundi bomba, mtu wa Bondeni, yuko karibu na beseni kuliko yeye? Wakafika kwa mama. Wa Juu wakauliza kwa nini anayeoshwa ni mwanamke wa Bondeni. Wa Bondeni wakasema huyo aliwakana siku alipoolewa. Mama yangu! Alipolala kitandani mgonjwa hakuna kati yao aliyemletea hata kikombe cha maji, leo wanamgombania ukutani.

Brashi alijaribu. Alisogeza mguu huu, upande ule ukanuna. Akaurudisha, upande huu ukasusa ibada. Alibaki amesimama na brashi yake, hajui amsikilize nani. Mwisho mchungaji akaja nyumbani, akakalia ukingo wa kiti. Mtu mwema yule, ila mwoga. Akasema wazee wameamua ukuta urudi kuwa mweupe, kwa ajili ya amani, na wanaomba Brashi aupake mwenyewe kwa sababu mwingine ataharibu.

"Mchungaji, huyo ni mama yetu," nikamwambia.

"Najua, mama. Sina namna."

Brashi alikuwa akikwangua rangi kwenye kucha zake. Alisema atakwenda kesho.

Nilikwenda naye kumshikia ngazi. Alianzia pembeni, akafunika mmoja baada ya mwingine, akamwacha mama mwisho. Nikamsihi apitishe rangi nyepesi tu pale kwenye beseni, ili mimi ninayejua niweze kumwona.

"Dada, nyepesi itaacha doa. Watalitazama hilo doa kila Jumapili, waanze upya."

Alisimama pale muda mrefu, rangi ikidondoka. Akanipa brashi mimi. Nikaishika, mkono ukakataa, nikamrudishia. Akapaka. Ilipokauka akapaka tena, vizuri, kama kazi ya mteja.

Jumapili iliyofuata waliingia wote, wakautazama ukuta. Mke wa mzee wa kanisa akasema umependeza. Fundi bomba akamjibu kutoka upande wa pili, ni kweli, hata mwanga umeongezeka. Walikuwa hawajasemeshana tangu ugomvi uanze. Wakacheka pamoja, wakamfuata mdogo wangu kumpongeza, wa Juu na wa Bondeni, wakimpa mkono mmoja baada ya mwingine. Naye akawashukuru wote.