Kuku Ishirini wa Pazia Jekundu

Aibu hii naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Iyula, maana wale wakianza hawaachi kuongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya tisini, mimi mtoto wa Kiislamu wa muuza mitumba wa Tunduma nimepata ajira ya kufundisha Biolojia sekondari huko Iyula, niko kwenye majaribio, na Jumatatu mkaguzi angekuja kuliona somo langu ndipo aamue kama nathibitishwa kazini au narudi nyumbani. Somo lenyewe lilikuwa kukadiria idadi ya viumbe bila kuwahesabu wote: unakamata wachache, unawatia alama, unawaachia wachangamane na wenzao, halafu unakamata tena uone wenye alama ni wangapi (wakiwa wachache, ujue kundi ni kubwa). Kitabu kilisema panzi. Mimi na ujuaji wangu nikasema panzi wa nini, na kuku wamejaa kitongoji kizima?

Ijumaa mchana kidato cha nne wakakamata kuku ishirini, nikachana nusu ya pazia langu jekundu, kila kuku kitambaa mguuni. Mwanafunzi mmoja wa hapohapo kijijini, Atupele, akanyoosha mkono. "Mwalimu, huku kwetu kuku akifungwa..." Nikamkatiza: "Maswali baadaye!" Tukawaachia.

Jumapili nafua mashati, akaja mzee wa kanisa: "Mwalimu Shabani, unaitwa." Nafika uwanja wa kanisa, kumbe ni siku ya mavuno, watu wamefurika, mnada wa sadaka umepamba moto, na waliopangwa mbele ni kuku wangu, wote ishirini! Kumbe huko kuku mwenye kitambaa mguuni ametengewa Mungu, na sadaka haiulizwi. Baba alidhani mama kamtoa, mama akadhani baba, kila nyumba ikabeba kuku wake kimyakimya.

"Mwalimu," mzee akapaza sauti ileile ya mnada, "hili si pazia la dirishani kwako?"

Umati wote ukageuka kutazama nyumba yangu ng'ambo ya barabara, dirisha liko nusu uchi. Mama yake Atupele akadakia: "Na huyu wangu alikuwa anaatamia! Mayai sasa niatamie mimi?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, nami natamani ardhi ipasuke. Nikaomba kuku warudishwe, na mama huyohuyo akawa mkali: "Thubutu! Sadaka hairudi." Mchungaji akanishukuru mbele ya wote kwa kuwavunia kuliko wazee wa kanisa. Kuku wengine wakapanda basi na wanunuzi wao kwenda mjini Vwawa, wengine wakaishia chunguni.

Jumatatu mkaguzi kakaa nyuma ya darasa. Wanafunzi wakaleta kuku kumi na tano, wenye alama hakuna hata mmoja. Sasa kanuni inakutaka ugawanye kwa idadi ya wenye alama, haya, gawanya kwa sifuri! Mkaguzi akavua miwani, mimi nikaanza kuona marobota ya mitumba ya baba.

Atupele akasimama. "Mwalimu, kanuni haina kosa. Inataka kati ya kukamata mara ya kwanza na ya pili asihame mtu wala asife mtu, na alama isimponze aliyewekewa. Kuku wetu alama ndiyo iliyowaponza. Wamehamia Vwawa na wengine wameliwa."

"Nani kawala?" mkaguzi akauliza.

"Kwetu tumemla mmoja, mzee. Alikuwa mtamu."

Darasa likalipuka, mikono ikapanda kila kona, huyu anaeleza vifo, yule uhamaji, mwingine akauliza vifaranga wa wiki hii wahesabiwe wapi, na mkaguzi (aliyeingia kanuna) akawa anabishana nao hadi kengele ikalia na hakuna aliyetoka. Alipofunga daftari akasema miaka yote hajaona darasa linaloelewa hivi. Nikathibitishwa! Niliivuka ile barabara natembea kama waziri, nikiwa sina pazia.

Ila niliapa. Tangu siku hiyo mwanafunzi akinyoosha mkono, hata kama nimeshika kuku, namsikiliza kwanza.