Shukrani Zilizoizima Pepper FM

Saa nne asubuhi, Everald Tulloch amepiga magoti juu ya paa la lifti, kati ya ghorofa ya kumi na tatu na ya kumi na nne. Anagonga reli kwa bisibisi, kisha anategea sikio.

“Hii inalalamika,” anasema. “Besi yake haiko sawa.”

Mwenzake, Declan, anacheka kutoka mlangoni. “Usimsikilize huyu. Hata birika la chai likichemka anatafuta besi.”

Wakazi wa jengo la Fenwright, Tottenham, wanamjua Everald, 59, kama fundi lifti. Wachache wanakumbuka kuwa kwa miaka kumi, kuanzia 1992, ndiye aliyekuwa mwenye Pepper FM, redio isiyo na leseni iliyorusha matangazo kutoka juu ya jengo hilihili. Wakaguzi wa masafa walimchukulia mitambo tisa. Kila ulipochukuliwa mmoja, alijenga mwingine kwa mshahara wa lifti, mkewe akinung’unika.

Redio hiyo ilipiga muziki ambao stesheni kubwa zilikuwa zikiukimbia: ngoma za kasi, besi nzito, nyimbo zilizotengenezwa vyumbani na vijana wasiojulikana hata mtaa wa pili. Marcia Quarshie, ambaye leo anajaza kumbi kutoka Leeds hadi Berlin, alikuwa muuza viatu alipomletea Everald santuri yake ya kwanza, kabla hajawa mmoja wa madijei wa Pepper.

“Maduka matano yalinirudishia bila kuisikiliza,” anasema Marcia. “Everald akaiweka Jumamosi mchana. Jumatatu maduka yaleyale yananipigia simu, eti dada, unazo ngapi? Wenzangu wote wa enzi ile watakwambia hivyohivyo. Pasipo Pepper, mimi bado napima watu miguu.”

Aliyeamua wimbo upi uishi ni msikilizaji. Namba ya simu ya studio ilitajwa hewani, na aliyependa wimbo alibipu tu, simu ikalia mara moja akakata. Bipu zikimiminika, dijei aliirudisha sindano mwanzo wa wimbo. Zisipokuja, santuri ilirudi kwenye mfuko wake, hata kama ni ya rafiki wa Everald.

“Yangu mwenyewe ilipata bipu mbili,” anasema Everald. “Moja ilikuwa ya mama yangu.”

Studio ilikuwa ndani ya nyumba ya Icilda Bramwell, ghorofa ya kumi na nne, katika chumba cha mwanawe aliyehamia Birmingham. Bi Icilda, mzaliwa wa Jamaika, hakutoza hata senti. Kila Jumamosi aliwapikia madijei kumi na wawili supu ya viazi vikuu na madonge ya unga.

Everald alikuwa amebandika sharti moja mlangoni: hewani hakuna kutaja mahali. Aliyelivunja ni yeye mwenyewe. Jumamosi moja ya 2002 supu ilimkolea, na kusalimia watu hewani ndiyo ilikuwa desturi ya redio hizi, akashika kipaza sauti na kuropoka: “Shukrani kwa Anti Icilda, ghorofa ya kumi na nne, mlango wa hamsini na tatu!”

Jumanne wakaguzi walibisha hodi mlango wa hamsini na tatu. Wiki hiyohiyo mwenye jengo alimwandikia Bi Icilda kwamba huenda akapoteza nyumba. Everald alikwenda mwenyewe kukiri kwa wakaguzi kwamba redio ni yake, akalipa faini, akaizima. Mama huyo akabaki na nyumba yake.

Tangu siku hiyo Everald hakukanyaga Fenwright. Lifti za hapa zikiharibika alibadilishana zamu, mpaka wenzake wakadhani anaogopa mashetani. Aprili mwaka huu Declan alikuwa likizo, hakukuwa na mwingine wa kutumwa. Mlango wa lifti ulipofunguka, Bi Icilda alikuwa ndani na mkoba wake wa sokoni.

“Kumbe hujafa,” alimwambia.

Sasa redio ya jamii yenye leseni imempa Everald kipindi cha Jumamosi. Ameiambia hatarusha neno mpaka Bi Icilda amruhusu kumtaja na kumshukuru. Alimwomba wiki tatu zilizopita, na hajajibiwa.

Saa saba mchana, lifti ikiwa imepona, Everald ananawa grisi na kupanda. Bi Icilda, 84, anafungua kabla hajabisha mara ya pili.

“Umekuja kudai jibu.”

“Nimekuja kusalimia, Anti.”

“Mwongo. Kaa.”

Anakaa. Mikono yake mikubwa haijui pa kwenda.

“Wee Everald, unadhani ile barua ndiyo iliyoniumiza?”

“Ilikuwa inakutoa nyumbani kwako, Anti.”

“Barua niliitupa kwenye droo. Jumamosi iliyofuata nikapika supu ya watu kumi na wawili, kama kawaida. Hakuja hata mmoja. Nimekula supu ile peke yangu mpaka Alhamisi.”

Everald anainamisha kichwa na kulia waziwazi, bisibisi ikiwa bado mfukoni.

“Nilijua nakukinga,” anasema hatimaye.

“Unikinge na nani? Na nyinyi? Nyumba hii haijawahi kuwa na raha kama miaka ile. Mimi ndiye niliyetaka kuwashukuru, mkanikimbia.” Anamsogezea kitambaa. “Nitaje. Taja na mlango. Halafu uniletee watu wangu.”

Kipindi kitaanza Jumamosi ya kwanza ya Septemba, saa sita mchana. Wawili kati ya madijei kumi na wawili wameshafariki. Everald amewapata tisa, Marcia akiwemo, na wote wamekubali kupanda ghorofa ya kumi na nne. Wa kumi anaishi Bristol, mgonjwa wa magoti, na anasema safari itamshinda.

“Nitamfuata na gari,” anasema Everald. “Anti amesubiri vya kutosha.”