Neno Lililokatazwa Kwenye Radio

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa radio ya mkononi na kuambiwa niingie ndani ya hanga la ndege huku nikihesabu kwa sauti. Ilikuwa kwenye base ya Kamina, yaani kambi ya kijeshi. Aliyenituma alikuwa Mkuu wa Mawasiliano, mzee mnene asiyependa maneno mengi, naye akabaki nje na radio ya pili. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nikapita milango ya chuma, nikashuka mpaka stoo ya chini iliyojengwa na Wabelgiji kwa zege nene. Nilipotoka nilimkuta ananitazama kwa huruma.

"Mutoto, weye ulisikia vile minyi nilikuita?"

"Hapana, Shefu."

"Basi kazi yako njo ile. Kutafuta fasi kwenye muntu anaweza kuita mpaka anakufa, na hakuna mwenye kumusikia."

Wengine huanza kazi kwa kupewa kiti. Mimi nilianza kwa kupewa hofu, na hofu hiyo sikuirudisha stoo hata siku nilipostaafu.

Nyinyi vijana mmezoea simu, kwa hiyo niwaeleze. Sauti ya radio husafiri vizuri uwanjani, lakini ikikutana na zege, chuma au mabati, hunyonywa au hurudishwa ilikotoka. Chumba ambacho sauti haifiki tulikiita chumba kiziwi. Watu husema kuta zina masikio. Mkuu wetu alikuwa akicheka akisema, "Ya Babeleji hapana."

Dawa ya chumba kiziwi ni rele, yaani chombo kinachopokea sauti dhaifu na kuituma upya ikiwa na nguvu. Nyingine ni kebo ya kuvuja, waya mrefu wenye matundu unaopitishwa kwenye korido ili sauti itoke humo kidogo kidogo. Rele tulikuwa nayo moja, nayo ilikuwa juu ya mnara, mbali na vyumba vya chini. Kebo ya kuvuja niliiona kwenye picha tu. Kwa hiyo tulitumia dawa ya maskini, ambayo jina lake ni mtu wa ngazi.

Mtu wa ngazi husimama na radio pale ngazi zinapoanza. Anamsikia aliye chini, kisha anayarudia maneno yake kwa walio nje. Haongezi neno, hapunguzi neno, na haondoki. Akiondoka, aliye chini amebaki peke yake na Mungu wake.

Nilihamishiwa Malemba-Nkulu kwa muda, nikakaa chini ya msimamizi aliyeamini kwamba radio hutengenezwa kwa kupigwa kofi, kisha nikarudishwa Kamina mjini, kwenye kikosi cha zimamoto. Komanda wetu alikuwa mwanajeshi mstaafu mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Hapo ndipo nilipoolewa na Papa Ngoy, ambaye kazi yake ilikuwa kuingia ndani kwanza. Wenzangu walinitania kwamba mwoga ameolewa na moto. Niliwajibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, ingawa methali ile ilikuwa inanitisha mwenyewe.

Siku ninayotaka kuisimulia, depo, yaani ghala, la samaki wakavu karibu na stesheni lilishika moto mchana; chini yake lilikuwa na stoo ya zege. Magunia yalitoka Kinkondja, na akina mama wenye magunia hayo walikuwa nje wakilia. Base ilituletea askari wa kusaidia, akiwemo Sajenti Amani, kijana mtulivu mzaliwa wa Kivu aliyekulia kambi ya wakimbizi huko Kigoma. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, cha Tanzania. Kwa utulivu wake Komanda alimweka awe mtu wa ngazi. Mimi nilikaa na radio kwenye gari, mbele ya mlango.

Papa Ngoy alivaa barakoa ya hewa, akashuka kutazama ni kitu gani kinauchochea moto. Sajenti akarudia, "Amefika chini." Kisha kimya.

"Ngazi, ngazi, unanisikia?"

Hakujibu. Nilitazama mlangoni, nikaona ngazi hazina mtu.

Kilichotokea tulikijua baadaye. Kule chini Papa Ngoy alikuta mapipa ya petroli yaliyofichwa nyuma ya magunia, akasema kwenye radio, "Njo hapa mafuta iko, bantu basiingie!" Zege likameza maneno yote isipokuwa mawili ya mwanzo. Kwetu Kamina "njo" ni "ndiyo", na "njo hapa" ni "ndipo hapa." Sajenti yeye alisikia "njoo hapa." Mwenzake anamwita motoni. Mtoto wa watu angefanya nini? Alikimbia.

"Shefu, kwa ngazi hakuna muntu!" nilimwambia Komanda.

"Ngoja kwanza, Mama Ngoy."

"Nangoja nini?"

Sikungoja jibu. Nilichukua radio nikaenda kusimama pale mwenyewe. Moshi wa samaki ulinijaa kooni, na hadi leo samaki mkavu haingii nyumbani kwangu.

"Papa Ngoy, unanisikia?"

"Mama Ngoy? Weye unafanya nini pale? Minyi natokea mulango ya nyuma. Mafuta iko huku, basiingie!"

"Sajenti alisha kuingia. Anakutafuta weye."

Mlango wa nyuma ulikuwa mbele yake. Nilitamani kumwambia, toka, baba watoto wangu, toka tu. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini mtu wa ngazi haongezi, na yule aliyepotea naye alikuwa mtoto wa mama fulani.

"Narudia ndani kumutafuta," akasema.

Radio ya Sajenti ilikuwa imezama kwenye chumba kiziwi, haikumjibu yeyote. Ikabidi Papa Ngoy avue barakoa ili amwite kwa mdomo. Nilimsikia akipaza sauti, "Amani! Amani!" Nikasikia kikohozi. Baada ya hapo sikusikia kitu, nami nikabaki nimeshika ile radio kwa mikono miwili nikiita, nikiita, nikiita.

Walitokea nyuma wakiwa wameshikana. Hawajafika barabarani, mapipa yakalipuka na sakafu ya depo ikazama.

Sajenti alikuwa analia. "Lakini aliniita, jamani! Alisema njoo hapa!" Mama mmoja wa samaki akacheka katikati ya machozi yake alipoelewa lile "njo". Papa Ngoy alifungua mdomo amjibu, na haikutoka sauti.

Siku iliyofuata Komanda alitupanga mstari. "Kuanzia leo, kwa radio hakuna tena 'njo'. Kitu iko fasi fulani, sema iko. Unataka muntu akuye kwako, sema kuya. Munasikia? Njo vile!" Hakuna aliyethubutu kucheka.

Sasa nimestaafu, na majengo ya ghorofa yanaota mjini. Tajiri mmoja mwenye jengo kama hilo aliniambia, "Mama, humu simu inashika muzuri mpaka chini." Nilimwambia kwamba siku ya moto umeme ndio wa kwanza kukimbia, na simu huufuata, na anayebaki ndani ni pompier, yaani mzima moto, na radio yake. Alinicheka. Kila nipitapo mbele ya jengo lile huwa natembea haraka. Nyinyi mnaoshika kazi hii, ingieni na radio kwenye jengo jipya kabla rangi haijakauka, mhesabu kwa sauti chumba kwa chumba, na atakayewacheka mwacheni acheke.

Sauti ya Papa Ngoy haikurudi yote. Huzungumza kwa kunong'ona. Akikawia chumba cha nyuma hushindwa kuvumilia, nikamwita.

"Papa Ngoy, uko wapi?"

"Njo hapa..." Maneno mengine humezwa na ukuta.

Mimi ni mzaliwa wa Kamina. Najua vizuri kwamba hajaniita, ananiambia tu alipo. Huacha sufuria jikoni nikaenda.