Kiatu cha Kushoto

Jumapili niliyoviona vile viatu kwenye miguu ya mtu mwingine, nilisahau kabisa kwamba niko misani. Vilikuwa viatu vyeusi vya ngozi, vya kufunga kwa kamba, soli nene. Nilivinunua mwenyewe soko la Konyo Konyo, hapa Juba, kwa mama mmoja Mganda, tukavutana bei hadi akaniambia nina roho mbaya. Nilimnunulia sista mzee aliyenifundisha kusoma. Na sasa vilikuwa vinaenda kupokea komunyo, vimevaliwa na sista kijana, mzima wa afya, asiyefika hata miaka thelathini. Nilikodoa macho mpaka jirani yangu akanigusa kiwiko.

Sista mzee nilimjua kambini, kaskazini mwa Kenya, nikiwa na miaka saba. Alikuwa Mganda, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Vitabu havikuwepo, kwa hiyo alitufundisha kwa magunia na makopo ya chakula cha msaada. Neno la kwanza kulisoma maishani mwangu lilikuwa limeandikwa kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Amani ilipotiwa sahihi, shirika lake likafungua shule ya msingi Juba, upande wa Gudele, akatumwa huko. Nami baada ya mwaka mmoja nikarudi nyumbani, katika nchi niliyoambiwa siku zote kuwa ni yangu ingawa sikuijua hata barabara moja. Nilipoenda kuomba kazi ya ualimu, aliyefungua mlango wa ofisi ni yeye. Alinitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Wewe," akasema. "Bado unabishana na watu?"

"Bado, Sista."

"Basi utafundisha darasa la tano. Ile inataka mtu wa kubisha."

Madarasa yetu yalipakana, ukuta wenyewe wa mianzi, kwa hiyo nilifundisha kwa sauti yangu na yake. Sikujua kama ana ugonjwa wowote hadi siku moja jikoni mwa shule. Alikuwa amesimama karibu na mafiga akimweleza mpishi habari za maharage yasiyoiva. Nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Nilitazama chungu, nikatazama kanga ya mpishi, kisha nikatazama chini. Sista alikuwa amekanyaga kaa la moto. Sandali yake ilikuwa imeliwa kisiginoni na kushonwa kwa uzi wa gunia, na kaa lilikuwa limemfikia nyamani. Yeye anaendelea na maharage! Nilipiga yowe nikamsukuma, nusura tuanguke wote wawili.

"Mguu hii haisikii kitu siku hizi," akaniambia tulipokuwa peke yetu, nikimfunga kitambaa. "Ni sukari. Nyamaza, mwalimu. Usisumbue wengine na hii maneno. Niahidi."

Nikaahidi. Kisha nikampeleka zahanati kwa kisingizio cha kwenda kununua chaki. Tabibu alisema mbele yangu, bila kupindisha, kwamba mtu wa sukari asiyesikia miguu lazima avae viatu vya kufunika, vyenye soli ngumu, kwa kuwa kidonda kimoja tu kinaweza kuondoka na mguu mzima. Sista aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema. Nilijua hatafanya lolote. Mshahara ulipotoka nikaenda Konyo Konyo, na jioni hiyohiyo nikamkabidhi viatu. Alivipokea kwa mikono miwili. Nikalala usingizi mzito.

Basi Jumapili ile, misa ilipokwisha, sikungoja hata chai. Nilikwenda moja kwa moja hadi nyumba ya masista, nikamkuta Sista Mkuu, Mkenya mpole aliyekuwa akiongoza jumuiya yao ya watu watano, akipanga vikombe.

"Nani amemnyang'anya mzee viatu?" nikamuuliza. Salamu sikutoa.

Hakukasirika. Alinivutia kiti. Akanieleza kwamba sista hana kitu chake. Akiletewa zawadi, iwe saa, iwe sabuni, iwe kuku, huiweka kwenye meza ya kulia. Baada ya chakula cha jioni, mkuu wa nyumba huuliza nani ana shida nayo, na mwenye shida huinua mkono. Ndiyo nadhiri yao ya ufukara, wameiishi hivyo toka siku ya kwanza.

"Viatu vyako vilikaa hapa," akasema, akigonga meza kwa kidole. "Nikauliza. Sista wetu mdogo akasema sandali zake zimekatika. Nikamgeukia mzee, nikamuuliza waziwazi, wewe huvihitaji? Akasema ana vyake. Ningefanya nini, mwalimu?"

Nilikuja kutafuta mwizi, na kumbe mwizi hayupo. Hawakujua! Wanasali naye, wanakula naye, na hakuna aliyejua habari za kaa la moto. Nilivuta pumzi ili niseme yote. Hapo ndipo nikamwona mzee mwenyewe mlangoni, ameshika fremu, ananitazama kwa jicho lilelile la kambini, la kumnyamazisha mtoto bila kutamka neno.

Mimi ninayebishana na makondakta, na wauza nyanya, na makarani wa wizara, siku hiyo nikanyamaza. Nikasema samahani, nikanywa chai yao, nikaondoka. Mpaka leo ile chai naionja.

Wiki tatu baadaye mafundi walikuja kupaua darasa jipya, wakaacha misumari ya bati uwanjani. Watoto wa darasa la tatu ndio walioona. Waliacha kuandika, mmoja baada ya mwingine, wakawa wanatazama sakafu ya saruji ambako sista wao alikuwa akipita kati ya madawati. Kila alipokanyaga kwa mguu wa kushoto paliachwa doa jekundu. Nilisikia kelele zake za kufundisha zikiendelea na kelele za watoto zikiisha kabisa. Huo ukimya ndio ulionifanya nitoke mbio. Msumari ulikuwa umepenya sandali, umezama wote, na alikuwa ameutembelea toka asubuhi.

Siku ya nne mguu ulivimba hadi kwenye goti na homa ikampanda. Masista wakamlaza kiti cha nyuma cha gari, wakashika barabara ya Nimule kwenda Uganda kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji. Niliwasindikiza hadi Nesitu tu, ambako malori yalikuwa yamepanga foleni, kisha nikashuka nirudi kulishika darasa lake. Alikuwa akiweweseka. Alinisomea herufi za kopo la mafuta, moja moja.

Simu ilikuja tukiwa ofisini. Sista Mkuu alisikiliza, akaiweka mezani kwa uangalifu.

"Wameukata," akasema. "Chini ya goti."

Nikaketi juu ya boksi la chaki, likapasuka chini yangu. Nikamwambia pale pale kwamba nilijua. Kaa la moto, tabibu, ahadi, vyote. Nilitaka anitukane. Angenitukana ningepona kidogo.

"Ulijua," akasema tu. Kisha akafunika uso kwa shela yake. "Na sisi tuliokaa naye meza moja, tulikuwa tunatazama nini?"

Sista kijana alivua vile viatu siku hiyo, akatembea miguu mitupu hadi mzee aliporudi.

Alirudi baada ya miezi miwili, kwa magongo, mwembamba zaidi, sauti ileile. Walinialika chakula cha jioni. Tulipomaliza ugali, sista kijana alileta viatu vimepakwa rangi vikang'aa, akaviweka mapajani mwa mzee huku machozi yakimtiririka. Mzee akavigeuza. Akavaa cha kulia, akafunga kamba. Cha kushoto akanipa mimi.

"Hii mtafutie mwenzangu," akasema. "Juba hapa hawezi kukosa."

Hakuna aliyecheka. Nikafoka, "Sista, wewe hujuti hata kidogo?"

"Najuta," akajibu. "Miaka arobaini sijainua mkono kwa meza kama hii. Nilisikia watu wakisema, huyu sista haombi kitu, nikafurahi ndani yangu. Mimi nikaita hiyo nadhiri. Ilikuwa kiburi, mwalimu. Na wewe nikakufunga mdomo. Nisamehe."

Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, si kuombwa.

Kumtafuta huyo mwenzake hakukunichukua hata siku moja, na hilo nalo lilinishtua. Karibu na nilikopanga, mtaa wa Atlabara, palikuwa na mama muuza chai ambaye mguu wake wa kulia uliondoka na bomu la ardhini alipokwenda kuokota kuni wakati wa vita. Nilikuwa nimekunywa chai yake mwaka mzima, nikimsalimia kila asubuhi, na sikuwahi kutazama mguu uliobaki umevaa nini. Haukuvaa kitu. Nilimpa kiatu, nikamweleza kilikotoka. Alikijaza kitambaa kwenye ncha, akakivaa, akakigonga chini mara mbili.

"Na mwenyewe iko wapi?"

"Gudele. Anafundisha."

"Yeye walikata kushoto?"

"Kushoto."

Akafikiri, huku akinimiminia chai. "Kalas, basi," akasema. "Mwambie ikiisha, tutanunua pamoja. Jozi moja tu. Yeye na mimi."

Nilifikisha ujumbe, mzee akatikisa kichwa. Mwaka ukapita. Jioni moja nilikuwa mgeni tena mezani kwao. Kulikuwa na zawadi za parokia, vitambaa na sabuni, na Sista Mkuu akauliza kama kawaida nani ana shida. Mkono wa mzee ukapanda. Ulipanda polepole, na masista wote wanne wakaacha vijiko.

"Mimi naomba viatu," akasema. "Soli imeisha. Yangu, na ya yule mama ya chai."