Picha ya Dresden

Watu wa Mombasa walioko Deira, kule Dubai, hawana likizo, wana safari ya nyumbani tu. Rumaisa alilijua hilo. Miaka sita alikuwa akiuza udi na marashi dukani Al Rigga, na kila akishuka kwao, hata viatu hajavua, watu washakaa mkekani wanangoja afungue sanduku. Huyu ana mgonjwa, yule ana kesi, wa tatu ana kijana wa kutafutiwa kazi. Hurudi Dubai amechoka kuliko alivyoondoka.

Mwaka huu mdogo wake, Shifaa, alikuwa anaolewa mwezi wa saba. Rumaisa akaomba ruhusa. Arbab wake, tajiri mwenye duka, mzee asiye na maneno mengi, akatia sahihi siku ile ile, na juu yake akatoa kopo la udi mzuri, mpelekee bi harusi.

Hapo ndipo Amne alipoingia. Amne alikuwa mwenyeji wa Malindi, wakilala chumba kimoja na kusimama kaunta moja. Alikuwa anatafuta mwenzake wa kwenda naye Dresden, mji ulioko mashariki ya Ujerumani. Siku nne tu, alisema, kuna mto, kuna majani, na hakuna mtu atakayekuita jina. Hilo la mwisho ndilo lililomwingia Rumaisa. Visa zilipotoka akampigia mamake, akamwambia arbab amekataa. Kopo la udi akalituma kwa watu wa mizigo.

Amne alikuwa kitandani kwake, anasikia yote.

"Mama ana namba yako," Rumaisa akamwambia. "Picha zangu usiweke popote."

"Shoga, mimi kaburi," Amne akajibu.

Na Dresden ilikuwa nzuri, asikudanganye mtu. Walipanda tramu za manjano, wakatazama kanisa lililojengwa upya kwa mawe meusi ya zamani na meupe ya sasa, wakashangaa jua linakataa kuzama na Magharibi haijaingia hata saa tatu imepita. Jumamosi walikaa majanini kando ya mto. Rumaisa alivua viatu, akala aiskrimu, akacheka kwa jambo ambalo baadaye hakulikumbuka. Amne akampiga picha. Rumaisa hakuitilia maanani, kwani Amne alikuwa akipiga picha hata mapipa ya taka.

Jumapili maduka yote yalifungwa, ungedhani mji umefiwa, basi wakapanda boti. Wakiwa katikati ya mto simu ya Rumaisa ikaita mara moja. Ilikuwa sauti ya mamake, imerekodiwa.

"Rumaisa, mwanangu. Nimekuona, umenawiri. Huyo arbab wako niombee radhi. Wiki tatu namwapiza kila nikimaliza kusali, na juzi kwenye kupamba kwa Shifaa nimewaitikisha amina wanawake wote. Na kumbe mtu wa watu hana kosa."

Basi. Mama hakulia, wala hakupandisha sauti. Na udi uliofukizwa kwenye kupamba kule ulikuwa wa arbab mwenyewe, lakini hilo mama hakulijua.

Amne aliapa kwamba alisahau. Ameiweka picha kwenye stetasi ya WhatsApp mara moja tu, wallahi, haikumjia kwamba namba ya mama imo. Rumaisa akamwamini, akasema moyoni makosa ni yangu, uongo ni wangu.

Walipofika hotelini Amne akaenda kuoga, akamwachia simu amtafutie saa za tramu ya kesho ya kwenda uwanja wa ndege. Rumaisa hakutafuta tramu. Alifungua ile stetasi, akaona orodha ya waliofichwa wasiione. Msimamizi wa duka; Fawaz, kaka yake Amne aliyeko Sharjah; mke wa Fawaz; shangazi wa Malindi; mchumba wake Amne. Tisa kwa jumla, mmoja mmoja kwa kidole. Mtu aliyesahau hachagui tisa.

Na chini yake palikuwa na ujumbe wa mama, wa jana alasiri: Amne, huyo si Rumaisa? Na jibu la Amne: Ndiye, mama. Tumekuja kupumzika kidogo. Anakusalimu sana.

Baada ya jibu hilo walikuwa wamekula kababu sahani moja.

Amne alipotoka na taulo kichwani aliikuta simu kitandani, imefunguliwa hapo hapo.

"Kaniuliza, nikamjibu," akasema. "Ulitaka na mimi nimdanganye mtu mzima?"

"Na kakako?"

"Kakangu hakuniuliza."

"Ungeniambia jana, Amne."

Amne akakausha nywele kwanza.

"Ungeniharibia safari," akasema.

Walirudi Dubai wamekaa viti vinavyopakana. Siku ya kwanza kazini arbab akauliza harusi ilikuwaje. Rumaisa akamwambia nzuri, alhamdulillah, na ile radhi ya mama hakuiomba, maana angeanzia wapi.

Mama hakumgombeza hata siku moja. Anapokea simu, anajibu salamu, anasema haya mwanangu. Haulizi kitu. Akitaka kujua habari za kweli humpigia Amne.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda dukani, Rumaisa huwa anapiga pasi nguo zake, na upande wa pili wa chumba humsikia Amne akisema kwa adabu, sauti tamu, "Yupo, mama. Namwona hapa. Naam, ni kweli, leo anaingia kazini."